Mtu Anapomwandama Mwenzake



Katika vijiji vyetu vya Lindi mtu akiibiwa kuku mmoja, habari hujulikana kabla ya jua kupanda. Mwenye kuku hupiga kelele, majirani hutoka, nyayo hufuatwa, na mwenyekiti wa kitongoji huitwa. Lakini yuko mwizi mwingine aibaye mchana, mbele ya watu wote, wala hapigiwi kelele. Huyo haibi kuku. Aiba amani ya mtu. Humwandama mwanamke kisimani, sokoni, na njia ya kanisani. Humngoja anapotoka, tena humngoja anaporudi. Hukataliwa leo, akaja kesho, na kesho kutwa akaja tena. Majirani humwona, wakacheka, wakasema, "Huyu amependa kweli kweli." Habari za mtu huyo ndizo tutakazo kuziandika mwezi huu, na jinsi yule aandamwaye awezavyo kupata hifadhi ya sheria.

Kwanza yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuposa si kosa. Kijana ampendaye binti anayo njia yake, nayo ni njia ya heshima: mshenga hutumwa, barua hupelekwa, wazee hukaa, binti huulizwa, na jibu hutolewa. Jibu likiwa ni ndiyo, mambo huendelea. Likiwa ni siyo, mshenga huaga akaenda zake, na kila mtu hubaki na heshima yake. Kuandama huanza pale posa ilipokwisha. Mwenye kuandama amekwisha kusikia jibu, tena amelisikia wazi, ila hakubali kwamba jibu la mwenzake ni jibu. Basi hubadili njia: badala ya kuomba huchosha, na badala ya kusifu huogofya. Wala jambo hili halichagui umri. Mtalaka humwandama aliyekuwa mkewe. Shemeji humwandama mjane wa nduguye, akidai kwamba ni urithi wake. Mtu mzima mwenye watoto humwandama mwanafunzi. Hata wanaume wako waandamwao, nao huona haya kusema.

Tutatoa mfano mmoja tuliouona kwa macho yetu, katika kijiji kimoja kati ya Mtama na bonde la Mto Lukuledi. Majina hatutayataja, wala jina la kijiji, kwa kuwa wote wangali hai na wanakutana njiani kila siku. Binti mmoja, ambaye sisi tulimfundisha kusoma, alimaliza shule, akajifunza kushona, akanunua cherehani na kuiweka barazani kwa mama yake. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na kwa desturi ya kwetu mjomba ndiye msemaji wa nyumba. Msimu wa ufuta ulipofika, mtu mmoja aliyepata fedha nyingi katika mnada alimtaka binti huyo. Hakutuma mshenga, wala hakumwuliza mama. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba, akampa simu mpya na shilingi 150,000, na mjomba akapokea. Binti alipoambiwa alisema, "Mjomba, nakuheshimu. Lakini mtu huyu simtaki, wala sikuulizwa." Alisema hivyo mbele ya mama yake, na mbele ya mtu mwenyewe.

Tangu siku ile mtu yule hakumwacha. Mbele ya nyumba yao pana mwembe, na chini ya mwembe huo akafanya kikao chake. Alikuja asubuhi, akaketi juu ya pikipiki yake akiitazama cherehani. Alileta kitambaa kishonwe suruali, asirudi kuichukua. Kisha akaleta kingine. Binti alipokwenda kisimani alfajiri alimkuta njiani. Alipotoka katika mazoezi ya kwaya, pikipiki ilimfuata polepole nyuma yake, taa ikimmulika mgongoni, hata mlangoni kwao. Akamwandikia katika simu maneno ya kumsifu, na asipojibiwa maneno ya kumtukana, na usiku maneno ya kumtisha. Namba moja ikifungwa, alitumia namba nyingine. Usiku vijiwe vilianguka juu ya bati, kimoja kimoja, mpaka jogoo wa kwanza.

Wazee wakafanya baraza, nasi tukaitwa kuwa mashahidi. Maneno mengi yalisemwa, nayo karibu yote yalielekezwa kwa binti. Mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Binti yetu, mtu huyu ana mali, wala si mlevi. Ukimkubali, mambo haya yatakwisha." Binti akainama kwa adabu, akajibu, "Mzee wangu, mbona hamumwambii yeye kwamba akiniacha, mambo haya yatakwisha?" Baraza likanyamaza kwa muda. Hatimaye wakaamua kusuluhisha: mtu yule atoe kuku wawili, wapeane mikono, na yasisemwe tena. Wakapeana mikono. Siku ya sita pikipiki ikawa chini ya mwembe.

Hapo ndipo mama mdogo wa binti alipotujia jioni moja, akatuambia, "Mwalimu, watu wanasema tungoje mpaka atende jambo." Tukaketi naye tukahesabu. Katika muda wa miezi minne binti alikuwa ameacha kwaya. Alikuwa ameacha kwenda kisimani, naye mama mwenye magonjwa ya miguu ndiye aliyechota maji. Cherehani ilikuwa imeingizwa chumbani, na kwa kuwa wapita njia hawakuiona tena, wateja walikuwa wamepungua nusu. Mdogo wake wa kike aliogopa kusoma masomo ya jioni. Mama alilala na mchi wa kinu karibu na mlango. Haya yote yalipatikana pasipo kupigwa hata kofi moja. Basi wasemao tungoje mpaka atende jambo hawajahesabu. Amekwisha kulitenda.

Sisi waalimu hatuna silaha wala cheo, lakini tuna rejista. Kila asubuhi twaandika aliyefika na asiyefika. Tukachukua daftari la kurasa 96, tukachora mistari kama ya rejista, tukaweka safu tano: tarehe, saa, mahali, alilolitenda au alilolisema, na jina la aliyeona. Tukamwambia binti na mama yake waandike siku ile ile, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza, nao maneno ya simu wasiyafute ijapokuwa yanachukiza. Ndivyo tulivyoanza kuandika mahudhurio ya mtu yule. Baada ya wiki tano mistari ilikuwa 31, na katika mistari 19 palikuwa na jina la shahidi asiye wa nyumba ile.

Daftari hilo tulilipeleka kwanza katika ofisi moja ya karibu. Aliyekuwapo alilifungua, akasoma mstari mmoja, akacheka, akasema, "Haya ni mambo ya mapenzi, mkayamalize nyumbani." Tukaondoka. Mama mdogo alisema njiani kwamba mbwa akimfukuza mtoto hakuna asemaye kuwa ni mapenzi. Wiki iliyofuata tukasafiri mpaka kituo cha polisi kilicho na Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo tulimkuta askari wa kike, ambaye alitoa viti kwanza, kisha akasoma daftari ukurasa baada ya ukurasa, akiuliza kila jina la shahidi. Alipomaliza akamwambia binti, "Mwanangu, haya si mapenzi. Kaa hapa nikuandike maelezo yako."

Na sasa, kabla hatujasimulia mwisho wa shauri lile, twataka kueleza sheria zenyewe, maana wengi hudhani kwamba mtu asipopigwa hana pa kushtakia. Sheria zetu juu ya jambo hili hazikai katika kitabu kimoja. Zimetawanyika, na ndiyo sababu watu hawazijui.

Iko Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Hiyo yataka hiari ya wote wawili, mume na mke, wala hiari ya mjomba au baba haiwezi kusimama mahali pa hiari yao. Kwa habari ya wajane yasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa apendapo, na kuolewa na amtakaye, au kukaa bila kuolewa, ijapokuwa mila yasema vingine. Tena sheria hiyo hiyo yamruhusu mtu aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa, na ndoa isifungwe, aidai zawadi yake mahakamani. Hapo pana hekima kubwa. Aliyetoa simu na fedha anayo njia ya kudai simu na fedha. Njia ya kudai mali iko; njia ya kudai mtu haiko.

Iko pia Sheria ya Kanuni za Adhabu. Kumtishia mtu kwamba utamdhuru, au utateketeza mali yake, ili kumwogofya au kumwudhi, ni kosa, hata kama hukuinua mkono. Mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana, na kwa sheria hiyo kumsumbua mtu kwa maneno au vitendo vya namna hiyo kulifanywa kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Lakini msomaji ashike jambo hili: malalamiko ya kosa hilo yamewekewa muda wa siku 60 tangu lilipotendeka. Mtu akingoja mavuno yapite ndipo aseme, huenda akakuta mlango umefungwa. Na aandamwaye akiwa bado mwanafunzi, mambo ni mazito zaidi: tangu mwaka 2016 mtu anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mtoto mwenyewe aweza kuomba msaada kwa simu namba 116, ambayo hailipiwi.

Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo yahusu hata simu ndogo iliyo mfukoni mwa mkulima. Kumpelekea mtu maneno kwa simu kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo sababu tulisema maneno yasifutwe. Kufuta ni kumsaidia mkosaji kufagia nyayo zake.

Mwisho, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yampa hakimu uwezo wa kumwita mtu anayeelekea kuvunja amani, na kumtaka atoe ahadi ya maandishi, pamoja na wadhamini, kwamba atatunza amani kwa muda usiozidi mwaka 1. Watu wengi hawajui kwamba mahakama yaweza kusema na mtu kabla damu haijamwagika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na sheria hiyo ni udongo wa kuziba ufa. Kwa wasio na fedha za wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa shauri na kuandika barua pasipo malipo.

Basi turudi katika shauri letu. Mtu yule alipoitwa hakukana. Alisema tu, "Nimetoa mali yangu." Hakimu akamwuliza, "Je, wataka mali yako, au wataka mtu?" Naye hakuwa na jibu. Mjomba akaamriwa na ukoo wake kurudisha simu na fedha, akauza magunia mawili ya mbaazi ili apate kulipa. Mtu yule akaweka ahadi mbele ya hakimu kwamba hatamkaribia binti, wala nyumba yao, wala njia ya kisimani, wala hatamwandikia, na kaka yake mkubwa akatia sahihi kuwa mdhamini. Tulisafiri mara nne kwa shauri hilo, na nauli ilitoka katika mfuko wa cherehani. Mwenyekiti akaisoma amri ile katika mkutano wa kijiji, kila mtu akasikia.

Wasomaji wengine watauliza, je, karatasi yaweza kumzuia mtu? Swali hilo si geni katika nchi yetu, na pwani yetu imekwisha kulijibu zamani.

Kilwa Kivinje na Lindi zilikuwa milango ambayo watu waliotekwa bara walipitishwa kwenda kuuzwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, walakini utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Wengi waliendelea kuwa watumwa wa nyumbani na wa mashambani hata katika utawala wa Wajerumani, ambao babu zetu waliwaita Wadachi. Serikali ile haikufuta utumwa mara moja. Lakini ilitoa hati za uhuru. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa aliweza kujikomboa kwa fedha, na bwana aliyevunja vibaya wajibu wake aliweza kunyang'anywa haki yake juu ya mtumwa. Mpaka Vita Kuu ya 1914 hati zaidi ya 50,000 zilikuwa zimeandikwa katika maboma ya nchi, na waliozipokea walikuwamo wanawake wengi. Kisha, mwaka 1922, Serikali ya Kiingereza ikaondoa hali ya utumwa kisheria katika Tanganyika yote.

Mtu afikiri maana ya hati ile kwa mwanamke aliyeipata. Alikuwako mtu aliyesema, "Wewe ni wangu, nilikutolea mali." Mtu huyo aliweza kumfuata shambani, kumfuata sokoni, kumwita njiani mbele ya watu. Hati ikasema, "Huyu si wa mtu." Yaliyosemwa chini ya mwembe na mtu yule wa ufuta ni maneno yale yale ya kale, yamevaa nguo mpya. Anayesema nimetoa mali yangu, kwa hiyo lazima awe wangu, anadai kitu ambacho nchi hii imekataa kwa sheria tangu zamani za bibi zetu.

Lakini hati ile ilikuwa na nguvu wapi? Karatasi haina mikono. Ilikuwa na nguvu pale tu ambapo watu wengine walikubali kuiheshimu: mwenye nyumba aliyempangisha chumba mwenye hati, mchuuzi aliyefanya naye biashara, jirani aliyekataa kumwonyesha yule bwana mahali alipo. Mwenye hati aliyeishi peke yake kati ya watu wasioitambua alikuwa kama hana. Ndivyo ilivyo hata leo kwa amri ya hakimu. Amri humfanya aandamwaye awe na haki, lakini majirani ndio wanaomfanya awe salama.

Jambo hili si la kubahatisha, kwa maana limeonekana kwa huzuni katika nchi jirani. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010, na Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2015. Sheria ya Kenya yataja kuandama kwa jina lake kuwa ni ukatili, na yamruhusu aandamwaye kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Sheria njema. Hata hivyo mwezi wa Septemba 2024 dunia yote ilisikia habari za Rebecca Cheptegei. Huyu alikuwa mkimbiaji wa Uganda, mama wa watoto wawili wa kike, na mwezi mmoja nyuma alikuwa amekimbia mbio za marathoni katika michezo ya Olimpiki mjini Paris. Alikuwa na nyumba huko Endebess, katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya. Jumapili tarehe 1 Septemba alikuwa anarudi kutoka kanisani pamoja na binti zake, ndipo mwanamume aliyekuwa mwandani wake zamani alipommwagia petroli na kumchoma moto. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya Eldoret, naye ana miaka 33. Na yule mwanamume akafa baada yake kwa moto huo huo. Baba yake Rebecca aliwaambia waandishi wa habari kwamba mtu yule alikuwa akimwandama bintiye na kumtisha, na kwamba walikuwa wamekwisha kumshtaki kwa polisi.

Sheria ilikuwako, na mashtaka yalikwisha kupelekwa. Kilichokosekana ni ulinzi uliosimama kati ya karatasi na mlango wa nyumba. Wakimbiaji wenyewe walikuwa wamelitambua jambo hilo mapema zaidi: mwenzao wa Kenya, Agnes Tirop, alipouawa nyumbani kwake huko Iten mwaka 2021, waliunda chama kiitwacho Tirop's Angels, ili mwanamke anayetishwa awe na watu wa kumwendea kabla mambo hayajaharibika. Hawakungoja wengine wawafanyie.

Sisi Wakristo tunajua vizuri mfano wa mjane na kadhi dhalimu, ulioandikwa katika Injili ya Luka, mlango wa 18. Twaufundisha katika madarasa kuwa ni mfano wa kusali pasipo kukata tamaa, na ndivyo ulivyo. Lakini tuangalie habari yenyewe. Mwanamke ana adui. Anakwenda mahakamani kuomba hifadhi. Anarudishwa mara nyingi, na anapata haki yake kwa sababu amemchosha kadhi. Mahubiri mengi husifu uvumilivu wa mjane. Ni wachache waulizao, majirani wa mjane walikuwa wapi? Kama wangalikuwapo watu watano tu waliofuatana naye mbele ya kadhi siku ya kwanza, je, angalihitaji kwenda mara nyingi hivyo?

Katika kijiji kile tulichokitaja, watu watano walipatikana, nao hawakuwa watu wakubwa. Baada ya amri kusomwa, vijana wa pikipiki walikubaliana katika kituo chao kwamba mwenzao yeyote asimbebe mtu yule kumpeleka upande ule, wala asimwazime namba ya simu. Wanawake wanne wa mtaa wakabadili saa yao ya kwenda kisimani, wakawa wanapita nyumbani kwa binti kumchukua. Wiki ya tatu mtu yule alirudi chini ya mwembe. Wanawake wale hawakumtukana. Walileta vinu vyao na mtama wao, wakaanza kutwanga barazani karibu na cherehani, wakimtazama kama alivyokuwa akitazama yeye. Mmoja akampigia simu kaka yake, yule mdhamini, naye alikuja akamshika mkono wakaondoka. Hatusemi kwamba woga umekwisha. Mpaka leo binti akisikia pikipiki nyuma yake hugeuka. Lakini cherehani iko barazani tena, na mwezi wa Desemba alishona sare za kwaya.

Kwa hiyo tunaomba kutoa mashauri machache kwa wasomaji wetu.

Kwanza, kwa aandamwaye: jibu mara moja, kwa maneno machache na wazi, mbele ya shahidi, kisha usijibizane naye tena, maana kila jibu humpa sababu ya kurudi. Andika tarehe. Hifadhi maneno ya simu. Usiende peke yako kushtaki, wala usikate tamaa ofisi ya kwanza ikikucheka. Iko ya pili. Ukiumizwa, nenda kwanza kituo cha polisi upewe fomu ya matibabu iitwayo PF3, na hali ikiwa mbaya sana tangulia hospitali, fomu itafuata.

Pili, kwa wazazi na wajomba: msipokee mali ya mtu kabla ya kumwuliza mwenye kuolewa. Na ikiwa imekwisha kupokewa, irudisheni upesi, mbele ya mashahidi, kwa maandishi. Mali iliyokaa nyumbani kwenu ni kamba mkononi mwa yule mtu.

Tatu, kwa wazee wa baraza na wa kanisa: suluhu ni njema kati ya watu wawili waliogombana. Lakini hapa hapana ugomvi wa wawili. Pana mmoja atendaye na mmoja atendwaye. Kuwataka wapeane mikono ni kumwambia aliyetendwa kwamba nusu ya kosa ni yake. Mkiitwa, mwulizeni kwanza yule afuataye, wala si yule afuatwaye.

Nne, kwa vijana wa kiume. Wenzenu wanaposifu ukaidi kuwa ni upendo, msiwacheke pamoja nao. Kijana aliyekataliwa anaumia, nasi hatudharau maumivu yake. Akae na rafiki, alie kama analia, aende shambani alime. Moyo uliovunjika hupona. Lakini rafiki wa kweli ni yule amwambiaye, "Ndugu yangu, amesema hapana. Twende nyumbani." Neno hilo moja, likisemwa mapema na mtu anayemheshimu, laweza kuokoa watu wawili, aandamwaye na mwandamaji mwenyewe.

Wahenga wa pwani walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba huu tunauona kila siku chini ya miembe yetu, na dawa yake ni watu wachache walio tayari kuandika tarehe, kutoa ushahidi, na kuhamisha kinu chao kwenda kutwanga barazani kwa jirani.